Kura Tatu na Ukurasa Uliotolewa

Swali lililonifanya niishike kalamu hii niliulizwa darasani, mjini Kitengela, na mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kunyamaza. Tulikuwa tukipitia habari za uongozi wa Mzee Jomo Kenyatta baada ya uhuru. Nilikuwa nimetaja, kwa sentensi moja kama vitabu vyetu vinavyofanya, kwamba Josiah Mwangi Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa Machi 1975 na kwamba Bunge liliunda kamati ya kuchunguza mauaji hayo. Kijana akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "kamati ilipata nini?"

Hakuniuliza ni nani aliyemuua J.M. Swali hilo nimelizoea, na jibu lake ni fupi: hadi leo hakuna mtu hata mmoja aliyehukumiwa kwa kosa hilo. Yeye aliuliza juu ya kamati. Nami, ambaye nimefundisha somo la Historia kwa miaka mingi, nilijikuta nikipangusa ubao uliokuwa tayari umepanguswa. Nilimwambia tutarudi kwa jambo hilo. Wanafunzi wanaijua maana ya ahadi hiyo, na wachache walicheka.

Jumamosi iliyofuata niliamua kwenda Ngong. Ukitoka Kitengela huteremka kwa barabara ya Namanga hadi Isinya, kisha hukata kulia kuelekea Kiserian, na vile vilima hukutangulia mbele mwendo mrefu kabla hujavifikia. Siku hizi juu yake imesimama mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme, na vijana wa shule hupanda huko wakiwa na chupa za maji na simu za kupigia picha. Upande wa magharibi nchi inadidimia ghafla kuelekea Magadi na Bonde la Ufa. Ni mahali pazuri mno, na nadhani ndiyo sababu inakuwa vigumu kuamini kilichopatikana hapo mnamo Machi 3, 1975.

Siku hiyo mchungaji wa Kimaasai, akiwa katika shughuli zake za kawaida, aliiona maiti ya mwanamume katika eneo la vilima hivyo. Polisi waliarifiwa. Maiti ikapelekwa Nairobi katika chumba cha kuhifadhia maiti cha jiji, ikawekwa humo kama ya mtu asiyejulikana. Ilikaa huko hadi Machi 11, wake zake J.M. walipoitambua. Katika siku hizo nane nchi nzima ilikuwa ikiulizana alipo mbunge huyo, na gazeti moja kubwa likawaambia wasomaji wake kwamba yuko Zambia. Hebu mtu na atafakari: mmoja wa wanasiasa waliojulikana sana nchini Kenya, ambaye picha yake ilikuwa imechapishwa mara zisizo na idadi, analala siku nane katika jengo la umma jijini Nairobi bila ya afisa yeyote kutamka jina lake.

Kwa ajili ya vijana waliozaliwa baadaye, inafaa niseme J.M. alikuwa nani. Wakoloni walimweka kizuizini tangu 1953 hadi 1960 kwa sababu ya harakati za Mau Mau, wakimhamisha kutoka kambi moja hadi nyingine, na mwaka 1963 kitabu chake juu ya maisha hayo kilitolewa kwa Kiingereza. Alikuwa katibu wa Mzee Kenyatta, kisha mbunge, kisha waziri msaidizi. Yeye mwenyewe alikuwa tajiri, mwenye mashamba na farasi wa mashindano, na wapinzani wake hawakuchoka kumkumbusha hivyo. Hata hivyo ndiye aliyesimama hadharani kuonya kwamba Kenya isigeuke kuwa nchi ya mamilionea 10 na maskini milioni 10. Mkoloni alimzuia miaka saba akamrudisha akiwa hai. Katika nchi huru alionekana kwa mara ya mwisho jioni ya Jumapili, Machi 2, akitoka katika hoteli ya Hilton jijini Nairobi pamoja na Ben Gethi, kamanda wa kikosi cha GSU. Siku moja kabla, bomu lilikuwa limelipuka ndani ya basi la OTC katikati ya jiji na kuwaua watu 27. Mji ulikuwa na hofu, na uvumi ulikuwa mwingi kuliko habari.

Sasa nirudi kwa swali la kijana wangu.

Watu wengi, walimu wakiwamo, huzungumza juu ya "tume" kana kwamba tume zote ni kitu kimoja. La hasha. Tume ya uchunguzi huundwa na Rais, wanachama wake huteuliwa na Rais, na ripoti yake hurudi mezani kwa Rais. Aliyeiunda aweza kuivunja. Kamati Teule ya Bunge ni mtoto wa mama mwingine. Huundwa na Bunge, hujazwa wabunge, na ripoti yake hurudi Bungeni, ambako huwekwa mezani mbele ya wote, hujadiliwa na kupigiwa kura. Kamati iliyochunguza kifo cha J.M. ilikuwa ya namna hii ya pili. Iliundwa katikati ya Machi 1975, mwenyekiti wake akawa Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. Serikali haikuiomba. Ilizaliwa na hasira ya wabunge, ilhali huko nje wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wakiandamana barabarani.

Kamati haikuwa na wapelelezi wake. Ilitegemea polisi kuwaletea wabunge ushahidi, nao polisi ndio waliokuwa wakishukiwa. Ni kama kumwomba fisi awahesabu mbuzi. Lakini wabunge wale hawakukata tamaa. Waliwaita mashahidi, wakawahoji maafisa wakuu, wakalinganisha kauli ya huyu na ya yule, na katika muda usiotimia miezi mitatu wakawa na ripoti. Leo kuna tume ambazo katika muda huo hazijakubaliana hata juu ya ofisi za kukaa.

Basi kamati ilipata nini? Ilipata uongo. Nasema hivi bila mzaha, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi kubwa iliyofanywa. Haikumpata mtu aliyefyatua bastola, ila ilionyesha kwamba polisi hawakuwa wakiutafuta ukweli bali wakiuficha, na ikataja kwa majina watu iliotaka wachunguzwe zaidi, baadhi yao wakiwa maafisa wa ngazi za juu kabisa za usalama. Gethi alikuwa mmojawapo. Hakushtakiwa, na miaka michache baadaye akawa Mkuu wa Polisi wa nchi nzima, hadi alipoachishwa kazi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982.

Ripoti ilikuwa tayari kuwasilishwa Bungeni Juni 3. Ndani yake yalikuwamo majina mawili yaliyokuwa karibu mno na Ikulu: Mbiyu Koinange, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, na Wanyoike Thungu, mlinzi wa Rais. Kabla ya ripoti kufika mezani pa Bunge, Rais Kenyatta aliamuru majina hayo yaondolewe, nayo yakaondolewa. Kinachostaajabisha ni kwamba jambo hilo halikubaki siri. Wabunge walijua kilichokuwamo na walijua kilichotolewa. Wakaijadili ripoti huku kila mmoja akifahamu ni wapi palipokuwa na pengo. Nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mwanahistoria husoma yaliyoandikwa na yaliyofutwa pia, na sijaona mfano ulio bora kuliko huu katika historia ya nchi yetu.

Nitaje jambo dogo ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili twapaswa kulijua. Mwaka mmoja kabla, Julai 1974, Kenyatta alikuwa ameagiza Kiswahili kitumike katika mijadala ya Bunge. Kwa hiyo mjadala wa Juni 1975, mmojawapo wa mijadala mizito iliyopata kufanywa katika ukumbi ule, uliendeshwa katika kipindi cha lugha yetu. Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakifai kwa mambo mazito. Mimi huwaambia wakatafute Hansadi ya mwezi huo.

Juni 11 ikawa siku ya kura. Upande wa Serikali haukutaka ripoti ikubaliwe. Matokeo yalipotangazwa, waliokubali walikuwa 62 na waliokataa 59.

Hapa ndipo napenda tutulie kidogo, na hapa ndipo Kajiado inapoingia tena. Miongoni mwa waliounga mkono ripoti walikuwamo waziri mmoja, Masinde Muliro, na mawaziri wasaidizi wawili, Peter Kibisu na John Keen. Keen alikuwa Mbunge wa Kajiado Kaskazini. Milima ya Ngong ilikuwa katika eneo lake la uwakilishi. Ardhi iliyobeba ile maiti ilikuwa ardhi ya wapigakura wake, na mchungaji aliyeiona alikuwa mmoja wa watu wake. Wote watatu walifutwa kazi na Rais kwa sababu ya kura ile.

Sasa na tufanye hesabu ya darasa la nne. Tuseme watu hao watatu wangetii, kama walivyotarajiwa, wakapiga kura na Serikali. Toa 3 kwenye 62, inabaki 59. Ongeza 3 kwenye 59, unapata 62. Matokeo yangegeuka kinyume kabisa, tarakimu zile zile zikiwa zimebadilishana nafasi. Ripoti ingekataliwa. Leo hii vitabu vingesema Bunge lilichunguza kifo cha J.M. na kuona kwamba ripoti haikustahili kukubaliwa, na mwalimu kama mimi angekuwa akifundisha hivyo bila wasiwasi wowote. Waliofukuzwa kazi ni wale wale ambao kura zao ziliamua jambo.

Lazima niwe mwadilifu. Yapo maelezo ya upande wa pili, nayo si ya kipuuzi. Mawaziri hufungwa na uwajibikaji wa pamoja. Asiyekubaliana na msimamo wa Serikali anatakiwa ajiuzulu kwanza ndipo apige kura kinyume. Kwa kanuni hiyo Rais alikuwa na haki ya kuwafuta, na nimewahi kusikia hoja hii ikitolewa na watu ninaowaheshimu. Lakini kanuni ya uwajibikaji wa pamoja ni ya sera: ushuru, barabara, bei ya mahindi. Je, Serikali yaweza kuwa na sera juu ya iwapo mtu aliuawa na nani alificha? Ukweli wa kifo hauwezi kuwa msimamo wa Baraza la Mawaziri. Hiyo ndiyo rai yangu, na atakayeipinga na aandike.

Aidha, mambo hayakuishia kwa watatu hao. Oktoba mwaka ule ule Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney, aliyekuwa Naibu wa Spika, walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini baada ya Shikuku kudai kwamba kulikuwa na watu waliotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Hawakutoka hadi Desemba 1978, baada ya Mzee Kenyatta kufariki. Kwa wabunge waliosalia, ujumbe ulifika. Mwangale mwenyewe baadaye alikuja kuwa waziri katika serikali ya Rais Moi, na hakuonekana tena akiwa mwiba kwa Serikali. Simlaumu sana. Mtu hupewa saa yake moja, na yeye yake aliitumia vizuri.

Linganisheni na yaliyofuata. Februari 1990 Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nchi za Kigeni, alitoweka nyumbani kwake Koru, na maiti yake ikapatikana katika kilima cha Got Alila. Aliyeiona kwanza, kama kule Ngong, alikuwa mchungaji. Wakaja wapelelezi wa Scotland Yard wakiongozwa na John Troon. Kisha Rais Moi akaunda tume chini ya Jaji Evans Gicheru. Tume ikasikiliza mashahidi mwaka mzima na zaidi, nchi ikifuatilia magazetini kila asubuhi, na Novemba 1991 Rais akaivunja kabla haijamaliza kazi. Aliyeiunda, aliivunja. Baadaye, wakati wa utawala wa Rais Kibaki, ikaundwa Kamati Teule ya Bunge chini ya Gor Sunguh. Ripoti yake ilipofikishwa Bungeni mwaka 2010, Bunge liliikataa. Kesi ya Ouko ilichunguzwa na wageni, na jaji, na wabunge, lakini haina kile ambacho kesi ya J.M. inacho: ripoti iliyokubaliwa, kwa kura zilizohesabiwa, na wawakilishi wa wananchi.

Kwa hiyo siungi mkono msemo wa vijiweni kwamba kamati zote hizi ni kazi bure. Kamati ya 1975 ilitimiza sehemu yake. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya Mkuu wa Sheria, ya polisi na ya mahakama, nao hawakuitimiza. Tunapoibebesha kamati lawama za ofisi nyingine, tunazisaidia ofisi hizo kusahauliwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake Mei 2013 ilirudi kwenye kifo cha J.M. pamoja na vile vya Pio Gama Pinto, Tom Mboya na Ouko, na hata ripoti hiyo nayo imekaa kabatini.

Nikiwa njiani kurudi kutoka Ngong sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilipofika Isinya nilikata kulia, nikashuka hadi mji wa Kajiado kumwamkia mzee mmoja, baba wa rafiki yangu, ambaye mwaka 1975 alikuwa kijana mwenye ng'ombe wake. Nilimkuta nyuma ya nyumba, chini ya mgunga. Nilimuuliza anakumbuka nini. Alisema anakumbuka redio, na watu waliokuwa wakiizunguka bila kusema neno. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. "Mwalimu, nyinyi mnasoma habari za wakubwa. Mimi nilimfikiria yule mchungaji. Ukiona maiti porini una njia mbili. Unaweza kuwapeleka ng'ombe upande mwingine, au unaweza kwenda kusema. Ukisema, wewe ndiwe wa kwanza kuulizwa." Akamimina chai. "Yeye alikwenda kusema."

Nilirudi Kitengela jioni, magari yakiwa yamesongamana kama kawaida, nikiyafikiria maneno ya mzee. Kwa kweli bila mchungaji yule kamati isingekuwa na la kuchunguza. Fisi wa Ngong wangemaliza kazi usiku ule, na J.M. angebaki "yuko Zambia" milele. Mlolongo wote ule, kuanzia ukumbi wa Bunge hadi kura tatu, umeanzia kwa mtu asiye na cheo chochote ambaye hakuwageuza ng'ombe wake.

Jumanne niliwapa wanafunzi jibu. Nilitumia vipindi viwili, kinyume cha ratiba. Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu aliniuliza kama hayo yamo katika mtihani. Nilimwambia huenda yamo, huenda hayamo. Akanishauri, kwa nia njema, nisipoteze muda wa watoto. Namheshimu, na najua shinikizo tulilo nalo sote la alama na orodha za matokeo. Lakini mtoto aliyeuliza swali zuri na akanyimwa jibu amejifunza somo pia, na somo hilo hukaa akilini kuliko tarehe.

Niliandika ubaoni 62 na 59. Nikawaeleza habari za Muliro, Kibisu na Keen, na kwamba Keen, aliyefariki Desemba 2016 akiwa mzee wa miaka mingi, alikuwa mbunge wa upande huu wetu. Nikawaacha watoe na kujumlisha wenyewe. Darasa lilipiga kelele lilipoona tarakimu zikibadilishana mahali.

Yule kijana wa nyuma akainua mkono tena. "Mwalimu," akasema, "wewe ungekuwa waziri msaidizi, una gari la Serikali, una watoto shuleni, ungepiga kura upande gani?"

Nina watoto watatu, na mkopo wa ushirika ambao nitaulipa kwa miaka minne mingine. Nilimtazama, nikaitazama ile 59 na ile 62, na nikamwambia kwamba sijui. Darasa lilinyamaza. Hawajazoea kumsikia mwalimu akisema hivyo. Kisha nikamgeuzia swali lake mwenyewe, nikawataka wote waandike jibu, ukurasa mmoja, bila kutia jina juu. Karatasi hizo ninazo hapa mezani ninapoandika makala haya. Ni 43. Bado sijazifungua.